Mfanyakazi Mbunifu Hukaa Anaposikilizwa

Waajiri wengi, kuanzia wenye hoteli na maduka hadi mafundi wa jua kali, hulalamika kwamba wafanyakazi wazuri hawakai. Kila anayeondoka huacha hasara: lazima mwingine atafutwe na afunzwe, na wateja wamvumilie mpaka aizoee kazi.

Mshahara ni sababu moja. Nyingine ni pale mfanyakazi anapoona njia bora ya kufanya kazi, akaisema, asijibiwe.

Kampuni ya 3M ya Minnesota, Marekani, inatoa funzo. Tangu 1948 imewaruhusu watafiti wake kutumia takriban asilimia 15 ya saa za kazi kujaribu mawazo yao wenyewe. Mwaka 1968 mkemia Spencer Silver alikuwa akitafuta gundi kali, akapata dhaifu, inayoshika karatasi na kubanduka bila kuichana. Kwa miaka kadhaa haikupata matumizi ya maana, lakini Silver hakunyamazishwa. Aliendelea kuwaeleza wenzake. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, mwanakwaya, alichoshwa na vipande vya karatasi vilivyodondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo kanisani. Akaikumbuka gundi ile. Mwaka 1980 vikaratasi vya Post-it vikaanza kuuzwa kote Marekani. Silver alibaki 3M mpaka alipostaafu mwaka 1996, na Fry naye alistaafia hapo.

Mwajiri mdogo hana maabara, lakini haya anayaweza:

1. Tenga nusu saa kila wiki, wafanyakazi waseme kinachowakwamisha na jinsi kinavyoweza kurekebishwa.

2. Jibu kila wazo. Jibu likiwa hapana, toa sababu.

3. Jaribu kwa kiwango kidogo kwanza: zamu moja, au bidhaa moja kwa wiki moja.

4. Mtaje mwenye wazo mbele ya wenzake. Chanda chema huvikwa pete; wazo likileta faida, naye apate sehemu yake.

5. Usimwadhibu mtu kwa jaribio la nia njema lililoshindwa.

Hata hivyo, kusikiliza hakuchukui nafasi ya haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya angalau siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi mfululizo. Anayenyimwa likizo au kucheleweshewa mshahara hana moyo wa kubuni. Mwajiri atimize hayo kwanza, kisha aulize: wewe ungeifanyaje kazi hii?