SOMO: ANDIKA UKOO WAKO

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Barua unaandika. Hesabu ya pamba yako unaandika. Je, jina la baba wa babu yako umeliandika wapi?

Wengi wetu tunamjua baba na babu, basi. Wazee wanajua zaidi, lakini hawakuandika. Mzee akifa, majina yale huzikwa pamoja naye. Kazi hii haingoji.

1. Jina lina habari

Tuseme babu wa baba yako aliitwa Shija, na nyumbani mnasema alikuwa mtoto wa kwanza. Hebu fikiri. Kwa Wasukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto. Mtoto anayewafuata huitwa Shija. Basi Kulwa na Doto wako wapi? Huenda walikufa wachanga. Huenda mmoja alihama, na wajukuu zake ni ndugu zako usiowajua.

Lakini usikate shauri upesi. Huenda alirithi tu jina la babu yake. Jina linakupa swali. Jibu liko kwa watu.

2. Uliza wazee

Chukua daftari. Amkia kwanza, kaa, usiwe na haraka. Mzee asipojua mwaka aliozaliwa, uliza hivi:

– Babu, tulipopata Uhuru ulikuwa umekwisha oa?
– Aa, mjukuu wangu! Nilikuwa nachunga ndama tu.

Mchunga ndama ana miaka kama 7. Uhuru ulikuwa mwaka 1961. Toa 7, unapata 1954. Basi babu alizaliwa karibu na mwaka huo.

Matukio mengine ya kupimia:
– Waingereza kuwatoa Wajerumani Mwanza: 1916
– Reli kufika Mwanza: 1928
– Operesheni Vijiji: 1973 hadi 1976
– Meli ya MV Bukoba kuzama: 1996

Waulize wazee wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili. Bibi usimsahau. Naye ana ukoo wake.

3. Nenda kwenye mahame

Wakati wa Operesheni Vijiji watu wengi waliacha makaburi ya wazee wao kwenye mahame. Nenda huko na mzee. Akiona mti au jiwe la kusagia, atakumbuka mengi.

4. Tafuta maandishi

Misheni ya Bukumbi ilianza mwaka 1883. Kitabu cha ubatizo huonyesha jina la mtoto, wazazi, msimamizi na tarehe. Kama wazee wako walibatizwa, mwombe paroko wa kanisa lao akutazamie.

5. Tunza siri

Huenda ukasikia kwamba bibi fulani aliletwa akiwa mateka, au kwamba babu alipokelewa mtoto wakati wa njaa. Andika ukweli, lakini usiutangaze kilabuni. Huyo naye ni mzazi wako. Bila yeye usingekuwapo.

Maswali
1. Kwa nini jina Shija peke yake halitoshi kuwa ushahidi?
2. Mama alimzaa mtoto wake wa kwanza mwaka reli ilipofika Mwanza. Alikuwa na miaka 18. Mama huyo alizaliwa mwaka gani?

Kazi ya leo
Andika majina ya wazazi wako, babu zako na bibi zako. Jina usilolijua, acha mstari mtupu. Kesho nenda ukaulize.