Kuandika wanaandika, kuongea hawataki

*Mwalimu, nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, wanafunzi 70. Nikiwaambia wasimame waongee, kimya. Simu ninayo moja tu, yangu. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Singida*

Pole, mwenzangu. Kimya hicho si uzito wa kichwa. Watoto wako wametoka shule za msingi walikosoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Leo hata biolojia ni Kiingereza. Zaidi ya hapo wanaogopa kuchekwa. Mtoto akisema “I goed” darasa likaangua kicheko, mkono wake huuoni tena muhula mzima.

Kwa hiyo usiwasimamishe. Kipindi cha dakika 40 ukikigawa kwa wanafunzi 70, kila mmoja hapati hata dakika. Wapange wawili wawili, wapeane migongo: mmoja aeleze picha ya kitabuni, mwenzake aichore. Mbuzi akitokea juu ya paa, watacheka picha, siyo mtu. Kelele zitakuwepo; mtaarifu mwalimu wa darasa la jirani.

Simu yako inatosha, tena bila bando. Tumia kinasa sauti: kila siku kundi moja lirekodi dakika moja, lijisikilize, lirudie. Rekodi ya pili ndiyo uwasikilizishe wenzao. Usimkatize anayeongea. Andika makosa mawili ubaoni baadaye, bila jina.

Ila asiyeongea hata Kiswahili, au anayeomba kila kitu kirudiwe, zungumza na mzazi wake faragha, apelekwe hospitali kupimwa masikio.