Dondoo muhimu: Kilo za korosho ndani ya kikokotoo cha grafu

Mnyambe, kama kwingine Newala, minada ya korosho ikianza Oktoba bei hubadilika mnada hadi mnada. Mwanafunzi mwenye kikokotoo cha TI-84 anaweza kuitunzia familia yake hesabu safi. Bonyeza STAT kisha 1. Jaza L1 kwa kilo za kila mzigo uliopelekwa AMCOS (chama cha ushirika), na L2 kwa bei ya mnada wake.

Usizidishe kwa mkono. Peleka kishale juu kabisa, kwenye jina L3 lenyewe, bonyeza ENTER, andika "L1*L2" pamoja na alama za kunukuu (ALPHA kisha +), halafu ENTER. Safu nzima inajaa. Alama hizo ndizo roho ya kazi: ukisahihisha kilo, fedha hujisahihisha. Bila hizo, jibu la zamani hubaki palepale, na hapo ndipo mzee hudai fedha zisizokuwepo. Usiguse namba yoyote ndani ya L3, fomula itakatika.

Kujua jumla inavyokua mzigo baada ya mzigo, weka L4 kuwa "cumSum(L3)". CumSum iko 2nd, LIST, OPS, namba 6.

Kikokotoo kikilalamika DIM MISMATCH, kuna mzigo haujaandikiwa bei. Kufuta safu tumia CLEAR juu ya jina, kamwe si DEL.

Makato hayamo humu. Yaandike kwenye safu ya L5, kisha linganisha na stakabadhi kabla ya kusaini popote.