JUMATANO: Kalebu na Barzilai

Soma Yoshua 14:10-12 na 2 Samweli 19:32-37. Wazee hawa wawili walitofautiana katika nini?

Kalebu, akiwa na umri wa miaka 85, aliomba nchi ya milima yenye Waanaki na miji yenye maboma. Barzilai, mwenye miaka 80, alikiri kwamba hasikii tena waimbaji wala haonji ladha ya chakula. Hata hivyo, ndiye aliyemlisha Daudi kule Mahanaimu, naye akamtoa Kimhamu aende badala yake.

Mazoezi, maji safi, pumziko na kiasi huutunza mwili, na kila mwamini anapaswa kuyazingatia. Lakini mzee aliyedhoofika hajapungukiwa imani.

Ni mzee yupi kanisani mwenu asiye na nguvu za Kalebu, naye amesahauliwa? Darasa lenu litamtembelea lini?