Kutoka Noah hadi Hiace: gari la kazi na la kulala kwenye njia ya Lemera

Ukiwa fundi wa sola huku kwetu kwenye bonde la Ruzizi, gari lako ni duka, ni ghala, na usiku ni chumba cha kulala. Leo uko Uvira, kesho Sange, keshokutwa umepanda Lemera kufunga taa kwenye zahanati, na hakuna anayeanza kushuka mlima ule jua likiwa limeshazama. Noah yangu ilinitumikia vizuri, lakini jioni nilikuwa naitoa nusu ya mali nje ili nipate pa kunyoosha miguu, na asubuhi nairudisha. Paneli kwenye umande, betri chini ya turubai, ngazi imeegemea ukuta wa watu. Sasa natumia Hiace, na wenzangu wenye Noah na Probox wananiuliza kama inafaa kubadilisha. Inafaa, ila si kwa sababu wanayoidhani wengi.

Wengi wanapotaka nafasi hutafuta gari refu. Wanaona picha ya Hiace ile ndefu kabisa, mita 5.38 kwa upana wa mita 1.88, wanaona kitanda, jiko na kabati ndani yake. Kwenye lami ya Dar es Salaam sina ubishi nayo. Lakini barabara ya taifa namba 5 ukishaiacha kule bondeni na kuanza kupanda, njia inakuwa nyembamba, kona ni za kukunja usukani mpaka mwisho, na upande mmoja kuna mtaro uliochimbwa na mvua. Fuso ikija mbele yako, mmoja wenu atarudi nyuma, na anayerudi ni mwenye gari dogo. Hapo ndipo utajua kila sentimita ya gari lako iko wapi.

Kwa hiyo mimi nilichukua Hiace ya mwili wa kawaida: urefu mita 4.7 hivi, upana mita 1.7. Ukiipima kwa nje haijaizidi Noah kwa mengi; upana ni karibu uleule. Nafasi inatoka kwingine. Kuta zake zimesimama wima, sakafu ni tambarare, pua haipo, na nyuma ya kiti cha dereva unapata karibu mita tatu za kubebea. Noah inakupa nafasi ya kuketi, Hiace inakupa nafasi ya kupanga. Ukiweza kupata yenye dari la juu, ichukue. Hata hiyo huwezi kusimama wima kama una kimo cha kawaida, maana ndani ni karibu mita 1.6, lakini unavaa suruali umeinama kidogo tu badala ya kuivaa umelala chali. Ushauri wangu kwa njia zetu ni huo: ongeza kimo, usiongeze urefu.

Kimo kina bei yake, nayo ni kuyumba. Barabara ya udongo ikilalia upande, gari la dari la juu lililopakiwa vibaya linakupa moyo wa kuruka. Tiba ni kuweka uzito chini, nami nitarudi hapo.

Kabla ya kuangalia ndani, inama uangalie injini. Injini mpya kiasi za dizeli za Toyota, zile za 1KD na 2KD, zina nguvu na zinakula mazutu kidogo, lakini pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu. Sisi tunanunua mazutu popote tulipoishiwa, mara nyingi kwenye bidoni ambayo jana ilibeba kitu kingine. Ndiyo maana nilitafuta ya zamani, 5L, injini isiyo na haraka wala siri, ambayo fundi yeyote kati ya Uvira na Kamanyola ameshaifungua. Ukipanda nayo mlima wa Lemera umejaza mzigo utapanda polepole, pengine mwenye moto, yaani pikipiki, atakupita. Mwache apite. Ukipata yenye injini mpya kwa bei nzuri, funga chujio la pili la kutenganisha maji na mafuta kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Halafu suala la mlango. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yana usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Mlango wa kusukuma wa Hiace uko kushoto. Maana yake ni kwamba ukisimama kando ya barabara, mlango unafungukia katikati ya njia, kwenye moto na malori. Ukipanga kitanda na sanduku zako ukitegemea mlango huo, kila utakapotaka spana utakuwa umesimama mahali pa kugongwa. Panga kila kitu kitoke kwa mlango wa nyuma. Ule unafunguka kwenda juu na kukupa kivuli, hata paa dogo la kufanyia kazi mvua ikinyesha. Ufunge kamba yenye kitanzi kwa ndani, kwa sababu ukiwa juu kabisa mtu mfupi haufikii kuuvuta chini.

Sasa uzito. Hiace ya mizigo imeundwa kubeba takriban tani moja, na watu husikia tani moja wakadhani haiishi. Hesabu: betri ya asidi ya saa-ampea 100 ni kilo 30 hivi, bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20, mbao za kitanda na kabati, ukimwachia seremala achague, zitakuwa libuyu nzito ambayo ingefaa mlango wa kanisa. Mwambie atumie triplekisi na fremu nyembamba. Tairi ziwe za magari ya mizigo, 195/80R15 zenye alama ya LT, usifungiwe za taksi kwa kuwa ni rahisi. Nyuma kuna springi za mabamba. Fundi anaweza kuongeza bamba moja, ila usiongeze mpaka gari likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi.

Mpango wangu wa ndani ni huu. Betri na sanduku la vyuma viko sakafuni kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma, vimefungwa kwa mikanda ya kukaza. Juu yake, upande wa kulia, kuna benchi refu la sentimita 60 kwa upana ambalo ndilo kitanda. Upande wa kushoto nimeacha njia na rafu nyepesi za waya, swichi, balbu na vitu vingine visivyo na uzito. Paneli zinasimama wima kwenye ufa mwembamba nyuma ya viti vya mbele, zimetenganishwa kwa blanketi kuukuu. Ukizilaza, kila shimo la barabara linazipiga. Ngazi iko juu ya paa.

Jambo ambalo hutalikuta kwenye video za Wazungu wanaojenga magari ya kulala ni bariyeri. Kuanzia Uvira hadi unapofika unakokwenda utafunguliwa mlango mara kadhaa, na kila anayeufungua ana haki ya kuuliza umebeba nini, au anaamini anayo. Gari lililopakiwa ovyo linashushwa lote. Gari lililopangwa linaangaliwa. Kwa hiyo sanduku zangu zinavutwa kwa nyuma kama droo, kila moja ina karatasi ya orodha iliyobandikwa kwa ndani ya kifuniko, na fakture za mali ziko kwenye mfuko wa plastiki mlangoni kwa dereva pamoja na karte rozi na asiransi. Afande anasoma, anavuta sanduku moja, anaona orodha na mali vinalingana, anachoka. Hakuna kitu kinachofupisha mazungumzo kama droo inayofunguka vizuri. Weka vitu vinavyovutia macho, simu na taa ndogo za kuchaji, kwenye droo ya chini kabisa. Sihitaji kueleza kwa nini.

Umeme wa gari lenyewe ni rahisi kwa mtu wa kazi hii, ila nitasema kwa asiyejua. Paneli moja ya wati 200 juu ya paa inatosha taa, simu, feni na kompyuta ndogo. Inyanyue kidogo kutoka kwenye bati ili hewa ipite chini. Paneli ikipata joto inazaa kidogo, na ile nafasi inakuwa kivuli cha paa. Kwa betri, kama mfuko unaruhusu chukua lithiamu ya volti 12, saa-ampea 100. Ni kilo 12 au 13 tu, na unaitumia karibu yote, wakati ile ya asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema. Tena ya asidi inatoa gesi wakati wa kuchaji, na wewe umelala juu yake.

Hewa ni jambo la maisha na kifo Lemera. Uvira iko pembeni mwa ziwa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku unalala na feni. Ukipanda Lemera unatafuta blanketi la pili. Kuna watu huingiza mbabula garini ili wapate joto kidogo kabla ya kulala. Usifanye hivyo hata kwa dakika tano: moshi wa makaa usioonekana unaua mtu akiwa usingizini, na dari la juu halisaidii. Vaa soksi. Acha madirisha mawili yakiwa wazi kidogo, yenye wavu wa mbu. Bila hivyo pumzi yako itageuka maji kwenye bati na asubuhi godoro litakuwa limelowa. Kati ya bati na triplekisi jaza sponji nyembamba. Inazuia baridi kule mlimani na joto huku bondeni, na inanyamazisha mlio wa gari.

Esansi ya jenereta usiibebe chumbani. Nani katika bonde la Ruzizi amesahau Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka, likamwaga, kisha likashika moto na kuua watu zaidi ya 200? Bidoni ya esansi inakaa juu ya paa, imefungwa, au haisafiri.

Pa kulala chagua kabla ya saa kumi. Uwanja wa parokia, wa misheni au wa hospitali ndio bora. Popote pengine mwone kwanza mzee wa kijiji, umsalimu, useme wewe ni nani na utaondoka saa ngapi. Habari za njia uliza asubuhi ileile, za jana zimeshazeeka. Mjini Uvira usiegeshe karibu na mto hata kama kuna kivuli kizuri. Mto Mulongwe mwezi Aprili 2020 ulibeba nyumba, sembuse gari.

Na ndagala. Kila ukipanda kutoka ziwani mtu wa mlimani atakuagiza ndagala kavu, na huwezi kumkatalia. Ndoo yenye kifuniko cha kukaza, juu ya paa. Zikilala ndani usiku mmoja, godoro litazikumbuka mpaka Pasaka.

Nafasi kubwa, hata hivyo, haitabaki yako peke yako. Noah iliyojaa ilikuwa inanitetea. Watu waliona wenyewe kwamba hakuna pa kukaa. Hiace kila mtu anaijua kama basi. Luvungi mama mmoja mwenye magunia mawili ya muhogo alishika kioo kabla sijasimama vizuri: "Papa wa sola, nafasi haiko?" Nikamwonyesha kitanda. Akasema, "Hiyo ni benchi, mwanangu." Alikuwa sahihi.

Ndiyo sababu nashauri kitanda kiwe benchi la upande, si jukwaa pana la kuziba nyuma yote kama wengi wanavyojenga. Njia ya Lemera ni njia ya hospitali. Dk. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, alianza kazi hospitali ya Lemera mwaka 1983, na akina mama aliowaona wakifikishwa wamechelewa, wengine kwa kubebwa kutoka vijiji vya mbali, ndio waliomfanya akasomee uzazi na magonjwa ya wanawake. Hospitali ilishambuliwa Oktoba 1996, ikainuka tena, na wagonjwa bado wanapandishwa kwa kipoyi na kwa moto. Siku utakayokutana nao njiani utataka benchi lenye urefu wa mtu, lisilo na kitu juu yake, na mahali pa ndugu yake kuketi akimshika. Mzigo unashuka, mgonjwa anapanda. Weka turubai safi karibu, na mikanda miwili ya ziada.

Kabla hujapigilia msumari hata mmoja, pakia mali yako yote kwenye sakafu tupu, endesha mpaka juu na urudi. Utasikia kinachogonga, utaona kinachoteleza kwenye kona, na utajua unachokitafuta mara kwa mara. Chora mpango baada ya hapo, kwa chaki, sakafuni.

Noah usiiuze kwa pupa ili upate hela ya kabati. Hiace mkononi mwako ni mgeni mpaka ipite msimu mmoja wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, na ikikataa utahitaji cha kukutoa. Noah yangu nimempa mdogo wangu, anaiendesha kama taksi kati ya mjini na Kavimvira. Ananilalamikia kwamba abiria bado wanakuta vipande vya waya chini ya viti.