Kipepeo Mkubwa na Mbawakawa wa Kisiwani

Kipepeo unamjua. Mbawakawa je? Ni mdudu mwenye mabawa magumu kama gamba mgongoni. Fukusi anayetoboa mahindi yako ghalani ni wa jamii hiyo. Leo tutalinganisha kipepeo mmoja na mbawakawa mmoja. Wote wawili ni wa visiwani, na wote ni adimu, yaani hawaonekani ila kwa nadra.

KIPEPEO

Kipepeo huyu huitwa Malkia Alexandra. Anaishi Papua New Guinea, nchi iliyo kaskazini ya Australia. Hakuna kipepeo mkubwa kuliko yeye duniani. Jike akitandaza mabawa, upana wake hufika sentimita 25.

Kipepeo huyu anaruka vizuri. Lakini kiwavi wake hula majani ya jamii moja tu ya mimea itambaayo juu ya miti ya msituni. Mwaka 1951 mlima Lamington ulilipuka, ukaharibu sehemu kubwa ya msitu huo. Baadaye watu walifyeka msitu mwingine wakapanda michikichi. Mmea ukitoweka, kiwavi hufa njaa. Mabawa ya mama yake hayamsaidii.

MBAWAKAWA

Mbawakawa huyu anaishi kisiwa cha Fregate, nchi ya Shelisheli, katika Bahari ya Hindi. Urefu wake ni kama sentimita 3. Mchana hujificha kwenye magome ya miti. Usiku hutoka kula, wala hachagui sana chakula.

Shida yake ni nyingine. Hawezi kuruka, kwa kuwa mabawa yake magumu yameshikana. Tena kisiwa chake ni kidogo, kilomita za mraba 2 hivi. Mwaka 1995 panya waliingia kisiwani. Angekimbilia wapi? Mbawakawa wachache walipelekwa kufugwa London, ili mbegu isipotee. Mwaka 2000 panya waliangamizwa kwa sumu. Mbawakawa yupo hadi leo.

TUMEJIFUNZA NINI?

Maradhi mawili hayaponi kwa dawa moja. Ukitaka kumwokoa kipepeo, linda msitu wenye mmea wake. Ukitaka kumwokoa mbawakawa, zuia panya wasishuke kutoka vyomboni. Kwa kila kiumbe, uliza kwanza: Anakula nini? Anaishi wapi? Adui yake ni nani?

MASWALI

1. Kwa nini mabawa hayamwokoi kipepeo?
2. Kwa nini mbawakawa hakuweza kuwakimbia panya?
3. Taja mti au mnyama aliyepungua kijijini kwenu. Jadilianeni darasani sababu yake.