Safi Lakini Hakifanyi Kazi: Maswali Kuhusu Kimeng'enya cha SOD2

Mwanafunzi aliingia ofisini kwangu na kichupa cha SOD2 mkononi, kikiwa bado na ukungu wa barafu pembeni. "Mwalimu, wameandika usafi ni zaidi ya asilimia 95. Mbona hakifanyi chochote?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na linanigusa, kwa sababu nyuma yake kuna miezi ya kazi ya kijana na fedha za mradi zilizopatikana kwa shida. Nimelikusanya pamoja na mengine ninayoulizwa kuhusu kimeng'enya hiki.

SOD2 ni nini hasa?

Ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya mitokondria, pale seli inapotengenezea nishati kwa kutumia oksijeni tunayovuta. Kazi hiyo hufanywa kwa kupokezana elektroni, na chache huponyoka kabla ya kufika mwisho wa safari, zikadakwa na oksijeni iliyo karibu. Oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada huitwa supaoksidi. Ikiachwa, huvamia vimeng'enya vyenye vishada vya chuma na salfa, kama akonitezi, na kuvivunja. Chuma kinachomwagika hapo huzaa madhara makubwa zaidi.

SOD2 huchukua supaoksidi mbili pamoja na hidrojeni. Moja hurudi kuwa oksijeni ya kawaida, ya pili huwa hidrojeni peroksidi, ileile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Kwa hiyo hatari haijaisha. Vimeng'enya vingine, kama peroksiredoksini 3, huipokea peroksidi hiyo na kuigeuza maji. Anayesema SOD2 "huondoa sumu" amesema nusu ya habari.

Kiligunduliwaje?

Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba protini moja yenye shaba, iliyokwisha kutolewa katika damu ya ng'ombe tangu miaka ya 1930 bila mtu kujua kazi yake, huharakisha kuondolewa kwa supaoksidi. Hiyo ndiyo tunayoiita SOD1. Mwaka 1973 Weisiger na Fridovich wakaonyesha kuwa ile ya ndani ya mitokondria, waliyoitoa kwenye ini la kuku, hutumia manganizi badala ya shaba na zinki.

Mwili unaweza kuishi bila SOD2?

Hapana. Mwaka 1995 watafiti waliripoti panya walioondolewa jeni hiyo: walizaliwa, lakini walikufa ndani ya siku kumi hivi, mioyo yao ikiwa imetanuka na kudhoofika. Panya wasio na SOD1 huzaliwa na kukua, ingawa kwa shida zao.

Hiki cha kwenye kichupa kinatoka wapi? Kwa binadamu kweli?

Jeni ni ya binadamu, iliyo kwenye kromosomu ya 6. Mtengenezaji ni bakteria, mara nyingi E. coli. Protini ya binadamu huanza na asidi amino 222. Zile 24 za mwanzo ni kama anwani kwenye bahasha: zinaielekeza kwenye mitokondria, na ikishafika hukatwa, zikabaki 198. Bakteria hana mitokondria wala mkasi wa kukata anwani hiyo, kwa hiyo tunampa jeni isiyo nayo. Kwa kawaida tunaongeza mkia wa histidini sita, ambao hunata kwenye safu ya nikeli. Unamwaga supu ya bakteria waliopasuliwa, unasuuza, kisha unaing'oa protini yako kwa imidazoli. Ukiipima kwenye jeli ya SDS utaona mstari mmoja karibu na kilodaltoni 22. Katika hali yake ya kazi huwa vipande vinne vya namna hiyo vilivyoshikana, karibu kilodaltoni 88.

Sasa mbona changu ni safi na hakifanyi kazi?

Hapa ndipo wengi huumia, tena bila kosa lao.

Kila kipande cha SOD2 hubeba atomu moja ya manganizi, imeshikwa na histidini tatu na asidi aspatiki moja. Manganizi hiyo ndiyo inayopokea elektroni kutoka kwa supaoksidi moja na kuikabidhi nyingine. Sasa fikiria hali ndani ya E. coli: chuma ni kingi, manganizi ni chache, na umemlazimisha bakteria atengeneze protini yako kwa wingi na kwa haraka. Chuma kinaingia kwenye kiti cha manganizi na kukaa. Protini inajikunja vizuri, inanata kwenye nikeli, inatoa mstari mzuri kwenye jeli. Lakini haifanyi kazi, kwa sababu SOD2 yenye chuma haiwezi kazi ya SOD2 yenye manganizi. Jeli ya SDS haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Inakuambia tu kwamba kuna protini moja yenye uzito huu. Na asilimia 95 ya kwenye kibandiko mara nyingi imetoka kwenye jeli hiyohiyo.

Kama unatengeneza mwenyewe, tia chumvi ya manganizi kwenye chakula cha bakteria tangu mwanzo, na mwishoni pima ni atomu ngapi za manganizi ziko kwa kila kipande. Kama umenunua, muulize muuzaji mambo mawili: kazi kwa miligramu ni yuniti ngapi, na kipimo cha madini kiko wapi. Asiyeweza kujibu hakupaswa kukuuzia kwa ajili ya majaribio ya kazi. Kichupa chake kinaweza kufaa kama alama ya uzito au kwa kuhakiki kingamwili, basi.

Kuna mtego wa upande wa pili. E. coli ana SOD zake mwenyewe, moja ya manganizi na nyingine ya chuma, na zote zinafanya kazi vizuri kabisa. Kiasi kidogo kikipenya kwenye mzigo wako, utafurahia kazi ambayo si ya protini yako. Tiba yake ni kutumia aina ya bakteria waliokwisha kuondolewa jeni zote mbili.

Nitapimaje nikiwa na vifaa vichache?

Kipimo cha kawaida hutumia saitokromu c: yuniti moja ni kiasi cha kimeng'enya kinachopunguza kwa nusu kasi ya supaoksidi kuibadilisha. Lakini kwa maabara ndogo naipenda zaidi njia ya jeli iliyochapishwa mwaka 1971 na Beauchamp na Fridovich. Endesha protini kwenye jeli isiyo na SDS, kisha iloweke kwenye rangi ya manjano iitwayo NBT pamoja na riboflavini, yaani vitamini B2. Iweke chini ya taa nyeupe. Baada ya dakika kadhaa jeli nzima inaanza kugeuka samawati iliyoiva, kama wino uliomwagika, isipokuwa sehemu moja: pale kimeng'enya kinapofanya kazi panabaki wazi. Protini yenye chuma haikuachii mwanya huo. Ukitumia sayanidi, kwa uangalifu unaostahili sumu ile, SOD1 hunyamaza na SOD2 huendelea.

Kinatusaidia nini sisi huku?

Mfano mmoja ni malale. Vimelea vyake, vinavyoenezwa na mbung'o, havina SOD ya manganizi. Zao hutumia chuma. Anayetafuta kemikali ya kuzima kimeng'enya cha kimelea lazima aijaribu pia kwenye SOD2 ya binadamu, ili ajue kama itamdhuru mgonjwa. Sasa SOD2 anayoitumia kupimia ikiwa imekufa tangu mwanzo, jaribio hilo halimwambii kitu.

Naweza kukimeza kama antioksidanti?

Usifanye hivyo. Kichupa cha maabara ni cha utafiti tu, na protini ukiimeza tumbo huivunja kama linavyovunja maharage. Hata antioksidanti za vidonge si salama kwa kila mtu: katika utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994, uliowahusisha wanaume wavutaji sigara 29,133, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Nikitunzeje?

Kigawe siku kinapofika, katika vichupa vidogo vyenye gliserini, ili usiyeyushe na kugandisha kilekile mara kwa mara. Katika maabara niliyowahi kufanya kazi, umeme ulikatika Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Jumatatu kila kitu kilikuwa kimeganda tena, kinaonekana kizima. Vichupa visivyo na gliserini tulipoviyeyusha vilikuwa na weupe chini, protini imeshikamana. Tangu hapo naweka kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza, na sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama, ujue friza iliyeyuka usipokuwepo. Pima upya kila kichupa kabla ya kukitumia, na uandike yuniti na tarehe kwenye daftari.